Vyoo vya kuhamishika katika vituo vya waathiriwa wa mafuriko: Mahitaji ya Kwale na Pwani Kusini

MVUA ikinyesha kwa wingi katika milima ya Usambara nchini Tanzania, maji yake huteremka kwa mto Umba hadi Vanga, mji wa mpakani ulio katika pembe ya kusini ya Kaunti ya Kwale. Mto huo ukifurika wakati wa bamvua, bahari nayo ikiwa imejaa, maji hukosa pa kwenda na wakazi hulazimika kuyahama makao yao.

Wanapohama, wengi huelekea shuleni, msikitini, kanisani au kwa jamaa waliojenga penye mwinuko. Chakula, mablanketi na vyandarua hufuata baadaye kwa malori. Haja ya choo haingoji lori. Huanza saa ile ile watu wanapotua mizigo yao.

Makala haya yanaeleza jinsi vyoo vya kuhamishika vinavyofaa kubuniwa kwa ajili ya vituo kama hivyo katika Pwani Kusini, kuanzia Diani na Msambweni hadi Lunga Lunga. Katika ukanda huu, ubora wa choo cha dharura hautegemei sana kibanda chake. Hutegemea jibu la swali moja: kilichomo ndani kitapelekwa wapi, na nani?

HISTORIA YA KUHAMA

Mafuriko si mageni Pwani. Wazee wangali wanayakumbuka yale ya mwaka 1961, na kizazi kilichofuata kilishuhudia mvua za El Nino za 1997 na 1998.

Mwaka huo wa 1997 ulikuwa mchungu maradufu kwa Pwani Kusini. Mnamo Agosti, miezi michache kabla ya mvua hizo, ghasia za Likoni zilisambaa hadi sehemu za Kwale na kuwatoa maelfu ya watu majumbani mwao. Wengi walijihifadhi katika kanisa katoliki la Likoni, mahali ambapo hapakujengwa kwa nia ya kulaza watu.

Kati ya 1997 na 1999, Kenya ilikumbwa na mlipuko mkubwa wa kipindupindu uliowaathiri makumi ya maelfu ya watu. Ni katika kipindi hicho, Januari 1998, ambapo serikali iliunda Kituo cha Kitaifa cha Kushughulikia Majanga.

Mvua za El Nino zilirejea mwishoni mwa 2023, ambapo zaidi ya watu 170 walifariki kote nchini na mamia ya maelfu wakahama makwao. Miezi michache baadaye, kati ya Machi na Mei 2024, mvua za masika ziliwaua watu wengine zaidi ya 280. Yaani, muda kati ya janga moja na jingine haukutosha hata kuzikausha kuta za nyumba.

VIPIMO VINAVYOTUMIKA

Mashirika ya misaada duniani hufuata viwango vya Sphere, mpango ulioanzishwa mwaka 1997 na ambao toleo la nne la kitabu chake cha mwongozo lilitolewa 2018. Kwa mujibu wa viwango hivyo, siku za kwanza za janga choo kimoja kisitumiwe na watu zaidi ya 50. Baadaye, haraka iwezekanavyo, idadi hiyo ishuke hadi watu 20.

Aidha, choo kisiwe mbali zaidi ya mita 50 kutoka mahali watu wanapolala, na kwa kila choo kimoja cha wanaume viwepo vitatu vya wanawake.

Chukua mfano wa kituo kinachopokea watu 600. Kitahitaji vyoo 12 katika siku za mwanzo, tisa vya wanawake na vitatu vya wanaume. Watu wakikaa zaidi, idadi hiyo ifike 30.

Huenda mtu akauliza kwa nini vyoo vya shule visitumike. Sera ya Kenya inataka choo kimoja kwa kila wasichana 25 na kimoja kwa kila wavulana 30. Shule ya wanafunzi 300, nusu yao wasichana, inastahili kuwa na vyoo 11. Kwa kipimo cha dharura, hivyo vingewatosha watu 550.

Hata hivyo, hesabu hiyo inahadaa. Mwanafunzi hutumia choo cha shule kwa saa chache, siku tano kwa wiki, ilhali mkimbizi wa mafuriko hukitumia usiku na mchana. Shimo lililochimbwa ili lidumu miaka kadhaa huweza kujaa katika muda mfupi, na udongo ukiwa umelowa, maji ya ardhini hupanda na kuingia shimoni humo. Watu wakisharudi makwao, watoto husalia na shule isiyo na choo.

Hii ndiyo sababu ya kutafuta choo kinachokuja na kuondoka pamoja na janga.

ARDHI ISIYOTAKA SHIMO

Katika sehemu nyingi za nchi, jawabu la haraka ni kuchimba mtaro. Ufuoni mwa Kwale mambo ni tofauti.

Kuanzia Tiwi kupita Diani hadi kusini, ukanda wa karibu na bahari umekalia mwamba wa matumbawe ya kale. Mwamba huo ni mgumu kuchimbika kwa jembe na sururu, na pamoja na ugumu wake umejaa nyufa na vitundu. Maji hupenya humo upesi. Sehemu za ndani kidogo zina mchanga, ambao huchimbika kwa urahisi lakini kuta zake huporomoka.

Chini ya mwamba na mchanga huo ndiko yaliko maji ambayo wakazi wengi hunywa. Ni maji matamu yanayoelea juu ya maji ya chumvi, na huchotwa kwa visima vifupi vya ndoo na kamba, kwa pampu za mkono, au kwa visima virefu kama vile vya Tiwi. Nyumba nyingi za Ukunda na Diani hutegemea mashimo na makaro, si mabomba ya majitaka. Kwa hivyo choo na kisima tayari ni majirani hata kabla ya mafuriko.

Viwango vya Sphere vinataka shimo la choo liwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji ya ardhini, na sakafu yake iwe angalau mita 1.5 juu ya kina cha maji hayo. Viwango hivyo hivyo vinaonya kwamba penye mwamba wenye nyufa au wa chokaa, mita 30 huenda zisitoshe. Mchangani, viini vya maradhi husafiri polepole na vingi hufa njiani. Katika ufa wa mwamba, hufika kisimani vikiwa hai.

Kwa hivyo kanuni ya kwanza ya usanifu katika ukanda huu ni kwamba kinyesi kisishuke chini. Kikusanywe katika chombo kisichovuja, kibebwe na kupelekwa kwingine.

HESABU YA UJAZO

Mtu mzima hutoa takriban lita 1.3 za mkojo kwa siku, na kinyesi cha kati ya gramu 200 na 400. Anayejisafisha kwa maji hutumia lita moja au mbili zaidi.

Kwa wastani wa lita 1.3 za mkojo, lita 0.3 za kinyesi na lita 1.5 za maji ya kuchambia, kila mtu huacha chooni lita 3.1 kwa siku. Choo cha watu 50 hupokea lita 155. Tangi la lita 200 chini ya kibanda cha plastiki litajaa kabla ya siku ya pili kwisha.

Kwa kituo cha watu 600, jumla ni lita 1,860 kila siku. Ni mzigo wa kutosha kulishughulisha lori la kunyonya majitaka, ambalo wengi hulijua kwa jina la eksosta, karibu kila siku. Nalo lori hilo lazima lipite katika barabara ile ile ya kutoka Likoni hadi Lunga Lunga, inayokatizwa na mito ya ukanda huo, ikiwemo Mkurumudzi na Ramisi. Siku ambayo barabara haipitiki ndiyo siku ambayo kituo kina watu wengi zaidi.

Hesabu hubadilika pindi vitu hivyo vitatu vinapotenganishwa. Kinyesi peke yake ni lita 180 kwa watu wote 600, sawa na ndoo tisa za lita 20. Hata kikiongezwa vumbi la mbao au nyuzi za makumbi ya nazi ili kukausha na kuzuia harufu, mzigo huo unaweza kubebwa kwa mkokoteni au pikapu. Kinachobaki, lita 1,680, ni majimaji.

Hivyo basi, choo kinachotenganisha huipunguza sehemu ya hatari zaidi kuwa karibu moja kwa kumi ya mzigo wote.

MAJI YA KUCHAMBIA

Hapa ndipo vyoo vingi vinavyoagizwa kutoka ng'ambo hushindwa. Wabunifu wake huwazia mtu anayejipangusa kwa karatasi. Wakazi wengi wa Pwani Kusini ni Waislamu, na kustanji kwa maji ni sehemu ya tohara. Hata kwa wasio Waislamu, kopo la maji msalani ni jambo la kawaida.

Choo kikavu cha kutenganisha mkojo huwa na matundu mawili: la mbele kwa mkojo, la nyuma kwa kinyesi. Mtu akichambia juu ya tundu la nyuma, chombo hujaa maji, vumbi la mbao hulowa, na harufu na nzi hufuata. Katika muda wa siku mbili choo hicho huachwa.

Jawabu ni tundu la tatu. Sinia ya kuchuchumalia iwe na sehemu ya pembeni, hatua moja kutoka tundu la kinyesi, ambapo mtu husogea kujisafisha. Maji hayo yapite katika mfereji wake mwenyewe. Tundu la kinyesi liwe na kifuniko kinachorudishwa kwa mguu kabla ya maji kumwagwa.

Maji yenyewe lazima yawepo. Viwango vya kimataifa vinataka kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku kwa matumizi yote. Pipa lenye bomba liwekwe nje ya safu ya vyoo, na ndani ya kila kibanda iwepo ndoo na kata. Kando ya njia ya kutokea kiwepo kibuyu chirizi na sabuni, mahali ambapo kila anayetoka hana budi kukipita.

Vile vile, vibanda visielekezwe kibla. Jambo hili halina gharama yoyote iwapo litakumbukwa siku ya kupanga, na ni kero kubwa kulirekebisha baadaye.

KICHOCHO NA MATENDE

Vitabu vingi vya usafi husema kwamba mkojo hauna hatari kubwa ukilinganishwa na kinyesi. Kwale inahitaji tahadhari zaidi.

Msambweni imekuwa kwa miongo kadhaa mahali pa utafiti wa kichocho, ugonjwa unaosababishwa na minyoo ambao mayai yao hutoka kwa mkojo. Mayai hayo yakiingia katika maji baridi ya kidimbwi au kijito, huanguliwa na kutafuta konokono wa majini. Baadaye vimelea hutoka ndani ya konokono na kupenya ngozi ya mtu anayeoga, kufua au kuvua humo.

Mkojo wa kituo ukielekezwa kwenye dimbwi lililoachwa na mafuriko, choo kitakuwa kimeusaidia ugonjwa huo. Majimaji yote, ya mkojo na ya kuchambia, yaelekezwe katika mtaro wa juujuu uliojazwa mchanga na kokoto, mahali pa mwinuko, mbali na visima na vidimbwi. Ardhi ikiwa imelowa kiasi cha kutofyonza, yahifadhiwe katika matangi ya lita 1,000 hadi maji yapungue.

Minyoo ya safura nayo huingia mwilini kupitia ngozi ya miguu iliyokanyaga udongo wenye kinyesi. Utafiti wa TUMIKIA, uliofanywa Kwale kati ya 2015 na 2017, ulionyesha kwamba kuwapa dawa wakazi wote wa kijiji hupunguza minyoo hiyo kuliko kuwapa watoto wa shule pekee. Kituo kisicho na choo huweza kuurudisha nyuma ufanisi wa namna hiyo, kwani watu wengi hujisaidia katika eneo dogo huku wengine wakipita peku.

Adui wa tatu ni mbu. Mbu aina ya Culex, ambaye hueneza matende Pwani, hupenda kuzaliana katika mashimo ya vyoo yaliyojaa maji. Kule Makunduchi, Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga tembe nyepesi za polistirini juu ya maji ya vyoo hivyo ili mabuu wakose hewa, huku wakazi wakipewa dawa. Idadi ya mbu na ya wagonjwa ilishuka sana. Katika mafuriko tembe hizo zingeelea na kwenda zake, lakini funzo ni lile lile: chombo cha choo kifunikwe kabisa, na bomba lake la hewa liwekwe wavu.

AINA ZA VYOO NA KASORO ZAKE

Kuna aina nne kuu za vyoo vya kuhamishika.

Ya kwanza ni kibanda cha plastiki chenye tangi la dawa, kama vile vinavyoonekana katika matamasha na maeneo ya ujenzi. Hufika kikiwa kamili na husimamishwa kwa dakika chache. Udhaifu wake ni kwamba hutegemea lori, hujaa upesi panapochambwa kwa maji, na dawa yake hupunguza harufu bila ya kuufanya uchafu uwe salama kumwagwa popote.

Ya pili ni mfuko. Mfuko wa Peepoo, uliobuniwa Uswidi na kujaribiwa Kibera, uliwekwa yurea ndani ambayo huzalisha amonia na kuua viini katika muda wa wiki mbili hadi nne. Mfuko hufaa kwa saa za kwanza kabisa, kwa wagonjwa wasioweza kutembea na kwa usiku wenye hatari. Sharti uwe wa kuoza, na uwe na pipa maalumu la kuukusanyia. La sivyo utageuka "choo cha kurusha", ambacho wakazi wa mitaa ya mabanda wanakifahamu mno.

Ya tatu ni choo cha chombo cha kubadilishwa. Chini ya sinia huwekwa ndoo au pipa lenye kifuniko, ambalo huondolewa likiwa limefungwa na jingine tupu likawekwa mahali pake. Kenya ina uzoefu wa miaka mingi katika aina hii. Kampuni ya Sanergy iliieneza katika mitaa ya Mukuru jijini Nairobi kuanzia 2011, nayo Sanivation ikaitumia Naivasha na kukigeuza kinyesi kuwa makaa ya kupikia.

Ya nne ni choo cha kuinuliwa, kilichojengwa juu ya jukwaa lenye ngazi, tangi likiwa chini yake juu ya ardhi. Hustahimili maji yanayopanda, lakini ngazi humtesa mzee, mjamzito na mlemavu.

Kwa Pwani Kusini, aina ya tatu ndiyo inayoafiki mazingira, ikiwa na tundu la tatu la kuchambia. Mifuko iwepo kwa siku mbili za kwanza. Vibanda vya dawa vitumike pale tu ambapo barabara ya lori ina hakika.

Wapo watakaotaja Japani, ambako baada ya tetemeko la ardhi la Kobe mwaka 1995 watu walipunguza kula na kunywa kwa sababu ya uhaba wa vyoo. Miji mingi ya huko ilitayarisha vibanda vinavyowekwa moja kwa moja juu ya matundu ya mabomba ya majitaka karibu na shule. Mpango huo ni mwema, ila unahitaji mabomba ambayo nyumba nyingi za Kwale hazina. Linalofaa kuigwa ni desturi ya kutayarisha mapema, si kifaa chenyewe.

KIBANDA NA HESHIMA

Kibanda chepesi si lazima kitoke ng'ambo. Miti ya mvinje inapandwa kwa wingi Kwale na hutoa nguzo zilizonyooka. Turubai nzito au makuti yaliyosukwa hufanya ukuta. Fremu ikikatwa na kutobolewa mapema kwa vipimo vinavyofanana, watu wawili huweza kuiunganisha kwa boliti za ukubwa mmoja na spana moja. Kamba na vigingi vyote visisahauliwe, kwani upepo wa kusi hauheshimu turubai lililolegea.

Turubai lisiwe jembamba kiasi cha kuonyesha kivuli cha aliye ndani taa inapowaka. Kasoro hii, ambayo huenda mbunifu wa mchana asiione, huwafanya wanawake wakatae choo usiku na badala yake kwenda vichakani, au kujizuia kula na kunywa jioni. Mlango uwe na komeo la ndani, na njia nzima iwe na taa za sola.

Vyoo vya wanawake viwe upande tofauti na vya wanaume, si mlango kwa mlango. Ndani kiwepo chango cha kutundika buibui au leso, rafu ya kuweka vitu, na pipa lenye kifuniko la sodo. Mahali pa kufulia vitambaa vya hedhi pawe ndani ya ua huo huo.

Angalau choo kimoja kiwe na mlango mpana, sakafu isiyo na kizingiti, kiti na vyuma vya kushikilia, kwa ajili ya wazee na watu wenye ulemavu. Watoto wadogo huogopa tundu na giza. Wapewe poti zinazomwagwa na mama zao katika chombo cha choo, kwani kinyesi cha mtoto nacho hueneza maradhi kama cha mtu mzima.

KUTIBU KABLA YA KUTUPA

Ndoo iliyojaa ni tatizo lililohamishwa tu hadi pale itakapotibiwa.

Njia ya haraka ni chokaa iliyozimwa, ambayo hupatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Huchanganywa na kinyesi hadi kiwango cha alikali kifike pH 12 na kubaki hapo kwa saa mbili au zaidi, ambapo bakteria wengi hufa. Chokaa huunguza ngozi na macho, kwa hiyo mhudumu sharti avae glavu, buti, miwani na barakoa. Mayai ya minyoo ni sugu zaidi na huhitaji muda mrefu.

Njia ya pili ni yurea, ile ile inayouzwa kama mbolea, katika chombo kilichofungwa kabisa. Ya tatu ni kurundika pamoja na makumbi, majani na takataka za shambani ili rundo lipate joto na kuwa mboji. Hii huchukua miezi na inahitaji eneo lililozungushiwa ua, lililo mbali na makazi.

Eneo la kutibia lichaguliwe kabla ya janga, penye mwinuko na udongo mzito, likiwa na njia inayopitika wakati wa mvua. Kamwe uchafu usimwagwe mtoni, mikokoni au baharini. Eneo la Diani na Chale limekuwa hifadhi ya baharini tangu 1995, na wavuvi wa pwani hiyo hutegemea maji hayo hayo kwa riziki.

FUNZO LA PAMPU YA AFRIDEV

Kwale ina historia yake katika ubunifu wa vifaa vya afya. Mapema katika miaka ya 1980, wilaya hiyo ya wakati huo ilichaguliwa kuwa mahali pa kujaribia pampu za mkono, chini ya mradi uliofadhiliwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia. Kutokana na kazi iliyofanywa Malawi na Kwale ilizaliwa pampu ya Afridev, ambayo hadi leo inatumika katika nchi nyingi za Afrika na Asia.

Kilichoipa sifa pampu hiyo hakikuwa nguvu za chuma chake. Ilibuniwa ili vipuri vyake viwe vichache na vya bei nafuu, na ili wanakijiji wenyewe waifungue na kuitengeneza kwa vifaa vichache. Shirika la KWAHO liliwaleta wanawake katika kamati za maji, na wengi wao wakafunzwa kuitunza pampu.

Choo cha dharura kinastahili kupimwa kwa kipimo hicho hicho. Je, bawaba ikivunjika saa mbili usiku kule Lunga Lunga, itapatikana dukani hapo? Je, ndoo inayotumika ni ya ukubwa unaouzwa kila mahali, au ni ya umbo la pekee linalotengenezwa ng'ambo? Je, wahudumu walifunzwa kabla, na watalipwa?

Swali la malipo si dogo. Kubeba kinyesi ni kazi inayodharauliwa na yenye hatari, na haiwezi kuachiwa hisani. Safu ya vyoo 12 inahitaji wahudumu wa zamu, mchana na usiku, wenye ujira, sare, chanjo na mahali pa kuoga baada ya kazi.

WAJIBU KABLA YA MVUA

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya viwango vya kuridhisha vya usafi. Jedwali la Nne la Katiba hiyo linazikabidhi kaunti huduma za maji na usafi, na pia udhibiti wa majanga kwa pamoja na serikali ya kitaifa. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu wakimbizi wa ndani nayo inawahusu pia waliohamishwa na majanga ya kimaumbile.

Kaunti ya Kwale, iliyokuwa na wakazi 866,820 katika sensa ya 2019, haihitaji vyoo vya kumtosha kila mtu. Inahitaji seti chache zilizohifadhiwa karibu na hatari: moja upande wa Lunga Lunga kwa ajili ya Vanga na vijiji vya mto Umba, moja Msambweni kwa bonde la Ramisi, na moja Ukunda.

Seti ya watu 600 ingekuwa na fremu na turubai za vibanda 12, sinia 12 zenye matundu matatu, na ndoo zenye vifuniko zisizopungua mara tatu ya mahitaji ya siku moja. Iwe pia na mifuko ya siku mbili, magunia ya chokaa na ya makumbi makavu, mapipa ya maji, taa za sola, sabuni na mavazi ya wahudumu. Vitu hivyo vyote huingia katika ghala dogo, na vingi hununuliwa Ukunda.

Mara moja kwa mwaka, kabla ya vuli kuanza Oktoba, seti hiyo ifunguliwe, isimamishwe katika uwanja wa shule iliyoteuliwa, na maafisa wa afya ya umma pamoja na wahamasishaji wa afya ya jamii waijaribu. Siku hiyo ndipo yatakapoonekana makosa ya komeo lisilofunga au mfereji unaoelekea kisimani.

Watu huwa hawakai kituoni milele. Maji yakishuka, hurejea kuanika magodoro, kufagia matope na kuteka maji katika visima vyao vya zamani. Hali ya maji hayo siku hiyo itategemea walikojisaidia wakati wa mafuriko, na kama kulikuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuziondoa zile ndoo tisa kila asubuhi.